Unga wa Friza Namba Mbili

6 Februari 1989

Kwa mpwa wangu, mtaalamu wa damu za watu,

Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa mzima, umeshiba na umevaa sweta, maana nasikia huko uliko baridi inaingia mpaka kwenye kalamu. Huku hatujambo. Mama yako goti bado linamsumbua lakini mdomo hauna hitilafu yoyote. Juzi amenisema tangu chai ya asubuhi mpaka taa zinawashwa, eti nimekalia kiti chake. Mdogo wako amehamia chumba chako. Vitabu vyako viko chini ya kitanda, havijaguswa, nimevikagua mwenyewe.

Sasa lililo kubwa. Friza namba mbili iko salama, na kama iko salama ujue ni kwa sababu ya mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye anayekuandikia. Tarehe kumi na nane ya mwezi uliopita kompresa ilianza kukohoa. Wakaja mafundi wawili wa kampuni na mabegi yao ya ngozi, wakafungua, wakafunga, wakasema hii imekwisha, nunueni nyingine. Nikawaomba wasogee. Nikaweka sikio ubavuni, nikasikiliza, nikaizaba kofi moja mahali ninapopajua mimi peke yangu. Ikanguruma mpaka madirisha ya ghorofa ya pili yakatikisika. Mmoja wa wale mafundi alivua kofia. Hapa chuoni wananiita Injinia na hawanifanyii mzaha.

Chupa zako kumi na mbili zimesimama kwenye kibao chake kama askari wa gwaride, kila moja na namba yake kwa mwandiko wako. Watu mtaani wananiuliza sana habari zako. Nawaambia mpwa wangu ameacha mle ndani unga ambao kijiko kimoja chake kinapandisha lori mlimani bila dizeli. Ila naomba unieleze tena vizuri unavyofanya kazi, nisije nikakosea mbele ya wasomi.

Bi Pipeti wa maabara yenu anakusalimu. Anaendelea kupima zile damu zako kila siku, na bado anampigia kelele kila anayeingia maabara na viatu vyenye matope.

Mjomba wako.


27 Februari 1989

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika jana, kona moja imelowa lakini inasomeka. Nimefurahi kusikia Mama anasema watu, maana akinyamaza ndipo naogopa. Mwambie asipande ngazi za duka la nguo na goti hilo, namjua. Mimi mzima. Hapa tunagombania mashine moja watu sita, na sweta ninalo.

Kuhusu lori: hapana, Mjomba. Tafadhali usiwaambie watu hivyo.

Ule unga ni koenzaimu. Mtu akila, seli zake huvunja sukari na kuitoa haidrojeni, na ile haidrojeni ndiyo yenye nguvu ndani yake. Lakini haiwezi kutembea yenyewe kutoka hapa kwenda pale. Koenzaimu ndiyo mchukuzi. Inapokea mzigo huku, inautua kule, inarudi mikono mitupu kuchukua mwingine, mara maelfu kwa siku, ndani yako na ndani ya mbuzi na ndani ya hamira ya mkate. Ikiwa imebeba tunaiita NADH, ikiwa tupu tunaiita NAD. Basi. Vimeng'enya, vile vichocheo vya mwili, ndivyo vinavyofanya kazi. Yenyewe inabeba tu.

Maabara tunaipenda kwa sababu moja. Ikiwa na mzigo inakunywa mwanga wa aina fulani ambao macho hayauoni, ule tunaouita wa mia tatu na arobaini. Ikiwa tupu, mwanga huo unapita. Kwa hiyo Bi Pipeti anaweka damu ya mfanyakazi wa kiwanda cha viatu pamoja na koenzaimu iliyobeba, anatazama namba ya mashine inavyoshuka, na kasi ya kushuka inamwambia kuna kimeng'enya kiasi gani kwenye damu hiyo. Kikiwa kingi, ini la yule mtu limeumizwa na mvuke wa gundi na linavuja. Hiyo ndiyo tasnifu yangu nzima, Mjomba. Haina milima.

Sasa sikiliza. Majibu ya chupa ya kwanza na ya pili ni mazuri. Kuanzia ya tatu, mashine inaanza chini mno, kana kwamba unga umewekwa pungufu, na kila mfanyakazi anaonekana ana ini la mtoto mchanga. Mkuu wa maabara ameniandikia kwamba macho ya Bi Pipeti yamechoka na mizani inamshinda. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima, tangu siku nilipovunja pipeti yangu ya kwanza, ule mrija wa kioo wa kupimia, akanifagilisha maabara nzima. Siamini.

Je, friza iliwahi kupata joto? Umeme ulikatika? Niambie hata kama ni dogo. Bila hadithi, naomba.

Mpwa wako.


2 Aprili 1989

Mpwa wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenizidi, karibu chuo kizima kinapumua kwa mikono yangu. Mama yako anasema hujambo. Goti tumelipaka dawa ya kuchua na sasa nyumba nzima inanuka kama chumba cha wachezaji mpira.

Umeuliza kuhusu joto. Friza haikupata joto. Ila sikuficha kitu kwako hata siku moja, kwa hiyo nitakueleza la radi. Ilikuwa Jumanne. Radi ilipiga kwenye nguzo, ikaingia kwenye waya, ikazunguka jengo mara mbili ikitafuta pa kutokea. Wenzangu walilala chini ya meza. Mimi nikashika swichi kuu kwa mkono wa kushoto, huu wa kulia nikautumbukiza kwenye ndoo ya mchanga, nikaielekeza radi ardhini kama mtu anavyoelekeza ng'ombe zizini. Nywele za mkono huu hazijaota mpaka leo. Huenda unga ulishtuka. Mimi si mtaalamu wa unga, lakini kitu chochote kingeshtuka.

Pia kuna panya ghorofa ya chini.

Na la mwisho nalisema kwa shingo upande, maana yule mama namheshimu. Siku hizi Bi Pipeti anavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Mimi sisemi neno. Ila mtu mwenye miwani miwili, mizani yenyewe inasoma mpaka punje ya vumbi, jumlisha mwenyewe.

Kula vizuri.

Mjomba.


20 Aprili 1989

Mjomba, shikamoo.

Mama ameniandikia kwamba goti limevimba tena, na kwamba mwaka huu radi haijapiga hata mara moja. Nashukuru kuna mtu katika ukoo huu anayejibu anachoulizwa.

Nitaandika polepole ili tuelewane. Nilimwomba Bi Pipeti apime kila chupa aliyokwisha kuitumia kwa mianga miwili. Ule wa mia tatu na arobaini unanywewa na koenzaimu nzima iliyobeba mzigo, peke yake. Ule wa mia mbili na sitini unanywewa na nzima na iliyoharibika pia. Kama mtu amepima unga kidogo, namba zote mbili zitashuka pamoja. Kwenye chupa za Bi Pipeti, ya mia mbili na sitini iko pale pale inapotakiwa, imeshuka ile nyingine tu. Maana yake mizani iko sawa, na macho yake yako sawa, ukitaka miwani miwili au mitatu. Unga ndio umeharibika.

Unaharibika hivi kwa unyevu. Ukiitoa chupa kwenye friza na kuifungua ingali ya baridi, hewa ya chumbani inaingia na maji yake, yanaganda juu ya unga, na ukiirudisha umeifungia sumu ndani. Ndiyo maana chupa inatakiwa ikae nje nusu saa, imefungwa, mpaka ipate joto la chumba. Bi Pipeti alinifundisha hivyo na hajawahi kuruka hata siku moja. Lakini Mkuu sasa anasema basi alizifungua zikiwa baridi, kwa haraka au kwa usahaulifu, na amempa barua. Mwisho wa Juni anastaafishwa, miaka sita kabla ya wakati wake. Ana barua hiyo kwenye mfuko wa koti na anaendelea kupima damu zangu.

Funguo za chumba cha friza ni mbili, Mjomba. Mmoja anao yeye.

Mpwa wako.


8 Mei 1989

Mpwa,

Sisi wazima. Mama yako mzima.

Sikujua kwamba nimelea askari wa upelelezi. Mimi niliyekubeba mabegani siku ya kwanza ya shule kwa sababu uliogopa dimbwi. Mimi niliyekutengenezea taa ya kusomea kwa betri ya redio, ikawaka wiki tatu bila kuzima, majirani wakaja kusomea dirishani. Leo naulizwa habari za funguo kama mwizi wa kuku.

Ufunguo ninao kwa sababu ya kazi. Friza inahitaji kusikilizwa. Nikiingia nasikiliza, nikitoka natoka. Ningefungua chupa ili iweje? Unga wenyewe hauna harufu, hauna ladha ya maana, rangi yake kama meno ya mvuta sigara. Mtu mwenye akili zake aufungue apate faida gani?

Kama mnataka mtu wa kumtupia lawama tafuteni vijana wa usafi. Au hao waliotengeneza unga. Mimi nimechoka na maswali, na mama yako naye ameanza kunitazama kwa jicho lako.

Mjomba wako, kama bado unamtambua.


24 Mei 1989

Mjomba, shikamoo.

Hauna ladha ya maana.

Umeuonja?

Mama nimemwandikia kivyake. Bi Pipeti amebakiwa na wiki tano. Ameniuliza kwenye barua yake kama huko niliko kuna mtu anayenifulia koti langu la maabara, maana sijui kutoa madoa. Hakuuliza lingine lolote.

Mpwa wako.


23 Juni 1989

Mpwa wangu,

Wote hatujambo. Goti la mama yako limepungua, ameanza kutembea mpaka sokoni. Barua hii nimeianza mara nne, na zile tatu za mwanzo zote zilikuwa na radi ndani.

Nilizifungua mimi.

Si kwa ubaya. Ulipoondoka, kila mtu aliniuliza mpwa wako amekwenda kufanya nini, na kila nilivyoeleza walicheka, walidhani ni zile zangu. Kinyozi aliniambia mbele ya wateja kwamba pengine hata mpwa sina. Nikamleta. Saa ya chakula cha mchana, Bi Pipeti ameshuka kula. Nikamwonyesha chupa yenye mwandiko wako. Akasema hiyo ni chupa tu. Kwa hiyo nikaifungua. Na shingoni mwa chupa, mle ndani, pakatanda ukungu mweupe, mbele ya macho yake, na yule mtu ambaye haamini chochote akarudi nyuma hatua mbili. Nikamwambia unga unapumua. Akashika kichwa.

Baada ya hapo nilileta wengine. Fundi cherehani na vijana wake. Mwalimu wako wa hesabu, yule wa shule ya msingi, alitokwa na machozi na kusema alijua tangu ukiwa mdogo. Jirani wa upande wa geti la kijani na mke wake. Kila mmoja nilimfungulia, na kila mmoja nilimwambia unapumua. Ndiyo, nilionja, kwenye ncha ya kidole, kumwonyesha mke wa jirani kwamba hauui. Nilikuwa nafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Sasa najua ule ukungu ulikuwa maji yanaingia.

Ulipouliza mara ya kwanza nilijua. Sikujua habari za unyevu, lakini nilijua. Na bado nikaandika yale ya miwani. Hilo la miwani lifute kama unaweza.

Jumatatu ya juma lililopita nilikwenda kwa Mkuu. Nikavua kofia nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema moyo wangu ni mzuri. Sikuelewa. Akasema anajua namtetea mfanyakazi mwenzangu na ni jambo la kiungwana, lakini asingeweza kuweka hadithi kwenye jalada. Nikaapa. Akanikumbusha kwamba mwezi wa tatu niliapa vile vile kwamba niliwahi kutengeneza jokofu ndani ya ndege ikiwa hewani, na kwamba rubani alinipa usukani nipumzike.

Mpwa wangu, sijawahi kukasirika kama siku hiyo. Miaka yote watu wamenisikiliza nikisema mambo ambayo hata mimi nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza, wakanipa kiti. Nimesema moja la kweli, dogo, la aibu, bila hata kuongeza chumvi, na naambiwa nina moyo mzuri.

Jumanne nikamleta kinyozi awe shahidi. Kinyozi akamtazama Mkuu, akatazama kile kibao cha mlangoni kinachokataza wageni, akasema hajawahi kuingia jengo hili maishani mwake. Aliondoka hata chenji ya nauli niliyompa hakurudisha.

Jumatano nikarudi, na safari hii nilimwomba Bi Pipeti naye awepo. Tangu barua ile ya kustaafu nilikuwa nikimkwepa kwenye ngazi. Nikasema, kuna chupa nne ambazo Bi Pipeti hajazigusa bado, tisa mpaka kumi na mbili. Ya tisa niliifungua kwa ajili ya mwalimu. Ya kumi na moja nimeifungua mara mbili, kwa jirani na kwa mkewe, maana hawakuja pamoja. Ya kumi na ya kumi na mbili sijazifungua. Mkuu akauliza kwa nini hizo nimeziacha.

Wewe hujui ilivyo ngumu kwa mtu kama mimi kukiri jambo kama lile. Nikasema, "Vifuniko vilinishinda. Mpwa wangu alivikaza mno. Nilijaribu kwa kitambaa, nikajaribu kwa meno, sikuweza."

Bi Pipeti alisimama. Alikwenda kwenye friza, akazitoa zote nne, akaziweka mezani, akageuza ile saa yake ya kuhesabia dakika. Nusu saa. Hakumruhusu hata Mkuu kuzigusa. Tukakaa watatu tunazitazama zinavyotoka jasho. Mkuu alitazama saa yake ya mkononi mara nyingi na kusema ana kikao. Akaambiwa kikao kitangoja, unga haungoji wala haukimbizwi. Mimi nilikuwa na hadithi tatu zinazofaa kwa nusu saa kama ile. Nilizimeza zote.

Akapima mbele ya Mkuu, punje kwa punje, na miwani yake miwili. Akayeyusha. Akatia kwenye mashine, akaanza kusoma kwa sauti, kwanza ule mwanga wa mia mbili na sitini, na zote nne zilikuwa karibu sawa, moja nukta nne na kitu. Kisha ule mwingine. Ya kumi, sifuri nukta sita mbili. Ya kumi na mbili, sifuri nukta sita moja. Ya tisa, sifuri nukta nne nne. Ya kumi na moja, sifuri nukta tatu nane.

Mkuu alisimama akazisoma mwenyewe kwenye kioo cha mashine. Akazisoma tena. Akaniangalia kama mtu aliyeletewa jokofu lake akakuta ndani yake kuna mgeni amekaa.

Bi Pipeti akaandika namba ya mwisho, akafunika kalamu, akasema, "Leo Injinia hujaongeza hata sifuri."

Hakunichekea. Wala hajanisalimu tangu siku ile isipokuwa kwa kazi, na sina la kudai.

Barua yake ya kustaafu Mkuu aliichana mbele yetu, na mimi nimepewa yangu. Sikufukuzwa, nimeonywa kwa maandishi. Ufunguo nimeurudisha. Damu za chupa ya tatu mpaka ya nane zitapimwa upya zote, na Bi Pipeti ndiye atakayezipima, mia na arobaini, kwa ajili ya upumbavu wangu. Anasema ya kumi na ya kumi na mbili zitatosha kuanzia mpaka chupa mpya zije. Wewe tasnifu yako itachelewa miezi. Mama yako ameshaniambia anachofikiri kuhusu hilo, na ameniambia nimeze kila neno.

Kinyozi juzi aliniuliza mbele ya wateja kilichotokea. Nikamwambia nilifungua chupa za mpwa wangu nikaziharibu. Akangoja. Akauliza kisha ikawaje. Nikamwambia basi, ndivyo hivyo. Watu wakarudi kwenye magazeti yao.

Friza namba mbili nayo leo asubuhi imeanza kukohoa tena. Nilipanda mpaka mlangoni na sanduku langu la spana. Siku hizi ni lazima anifungulie Bi Pipeti na asimame nyuma yangu mpaka nimalize. Alikuwa ndiyo kwanza anafika. Akaniambia ningojee nje mpaka avae koti lake, na nifute viatu.

Nikafuta viatu. Nikangoja.

Mjomba wako.